Somo la Historia: Siku Moja Katika Serengeti

Walio na ramani na wazifungue. Tazameni Ziwa Viktoria, kisha mshuke kusini mashariki mpaka Ngorongoro. Uwanda mkubwa ulio katikati ndio Serengeti, jina lililotoka katika neno la Kimasai, siringet, maana yake mahali palipo wazi pasipo mwisho.

Zamani safari ilikuwa msafara wa wapagazi, mizigo kichwani, kutoka Bagamoyo au Mombasa kwenda bara. Baadaye wageni wakalichukua neno hilo kwa uwindaji. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, alishuka Mombasa, na yeye na mwanawe Kermit wakaua wanyama zaidi ya 500. Siku hizi wengi huja na kamera na darubini. Basi twende nao.

Tuseme ni mwezi wa Februari, nawe umo ndani ya Landrover. Umepita kilima cha Naabi jua linachomoza. Mbele yako nyumbu wametanda mpaka upeo wa macho, na majike wanazaa. Ndama husimama baada ya dakika chache tu, akamfuata mamaye mbio, maana fisi hangoji. Nyasi hapa ni fupi, nazo zina madini mengi, kwa kuwa udongo wake ni majivu ya volkeno. Ndiyo sababu nyumbu huja kuzalia hapa.

Mgeni hutazama, akasema moyoni kwamba hivi ndivyo ilivyokuwa tangu kuumbwa kwa dunia. Sivyo, msikilizaji. Kundi hili lina historia yake, nayo si ya zamani sana.

Karibu na mwaka 1890 ugonjwa wa sotoka uliingia nchi hizi kutoka kaskazini. Uliua ng'ombe, uliua nyati, uliua nyumbu. Oscar Baumann, Mwaustria aliyepita Ngorongoro mwaka 1892, aliwakuta Wamasai wakifa kwa njaa, maana mtu anayeishi kwa maziwa atakula nini ng'ombe wakiisha? Watu walipata ng'ombe tena baada ya miaka, walakini sotoka haikutoka. Ikakaa ikivizia, ikiua ndama wa nyumbu mwaka baada ya mwaka.

Mwaka 1958 Bernhard Grzimek, Mjerumani, na mwanawe Michael walikuja kuwahesabu wanyama kutoka angani, kwa eropleni iliyopakwa mistari kama punda milia. Januari 1959 eropleni hiyo iligongana na tumbusi, ikaanguka, Michael akafa. Kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Hesabu nyingine ya mwaka 1961 ilipata nyumbu zaidi kidogo ya 200,000. Kufika mwaka 1977 walizidi 1,000,000.

Je, waliongezekaje hivyo? Hakuna aliyemdunga sindano nyumbu hata mmoja. Waliochanjwa ni ng'ombe wa wafugaji waliozunguka hifadhi. Ng'ombe walipopona, sotoka ilikosa pa kukaa, na kufika mwaka 1963 ilikuwa imetoweka kwa nyumbu. Nyumbu wengi wakala majani mengi. Majani yakipungua, moto wa nyika hupungua. Na moto ukipungua, miti michanga huota. Basi hata baadhi ya migunga unayoiona ina deni kwa ng'ombe.

Mchana, jua likiwa kali na simba wamelala, mwombe dereva akupeleke kwenye miamba ya Moru. Huko utaona ngao za Kimasai zimechorwa juu ya jiwe kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi. Hapa palikaliwa. Wachungaji hao waliwajua nyumbu kuliko sisi: hawakulisha ng'ombe mahali nyumbu wanapozaa, maana walijua kwamba ndama wa nyumbu huleta maradhi mengine yanayoua ng'ombe.

Serengeti ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1951, na mwanzoni Wamasai walibaki ndani. Ugomvi wa malisho na maji ukazidi. Mwaka 1958 wazee wao walitia sahihi karatasi ya kuiacha Serengeti, na mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa, iwe mahali pa watu na wanyama pamoja. Walioahidiwa Ngorongoro walikatazwa kulima huko mwaka 1975, na tangu mwaka 2022 serikali imewahamishia wengi Msomera, wilaya ya Handeni. Serikali husema watu na mifugo wamezidi. Wako Wamasai wanaosema ahadi imevunjwa. Mimi naona si haki kumtazama simba saa nzima na kuupita mwamba huu bila kusimama.

Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru wa Tanganyika, Mwalimu Nyerere alitangaza mjini Arusha kwamba wanyama wa porini ni amana, na kwamba nchi itawatunza.

Kabla ya somo lijalo, kila kikundi kizungumze maswali mawili. Kwanza, wazee wenu wanakumbuka nini juu ya sotoka, nao waliiitaje kwa lugha yao? Pili, kama ungalikuwa mmoja wa wazee wale wa mwaka 1958, ungalitaka nini kiandikwe katika karatasi ile kabla ya kutia sahihi?