Atomi: kabla ya kukariri, uliza walijuaje



Leo naweka pembeni habari za boom na foleni ya kafteria, nataka tuongee kemia. Wale wa sheria na siasa msikimbie, nitaenda taratibu.

Sababu ni hii: muda si mrefu wengi wetu wa ualimu tutakuwa mbele ya darasa kwenye mazoezi ya kufundisha, na mada ya muundo wa atomi haikwepeki. Wengi tuliipitaje sekondari? Dalton 1808, Thomson 1897, Rutherford 1911, Bohr 1913, Chadwick 1932. Majina matano, miaka mitano, funga daftari. Mtihani ukija unamwaga, ukitoka nje umeshasahau. Sasa anyanyuke mtoto mmoja pale nyuma aulize: "Mwalimu, kama atomi haionekani kwa macho, walijuaje ipo hivyo?" Utamwambia ndivyo kitabu kinavyosema? Hapo umemfundisha imani, hujamfundisha sayansi.

Kwa hiyo twende na hilo swali moja tu: walijuaje?

Wagiriki walianza mapema. Democritus, kama miaka 400 kabla ya Kristo, alisema vitu vyote vimejengwa na chembe zisizokatika, na neno atomi maana yake ndiyo hiyo, kisichokatika. Wazo zuri, ila ushahidi hakuwa nao. Likalala kwa zaidi ya miaka 2,000.

Aliyeliamsha ni John Dalton wa Uingereza, mtoto wa mfumaji nguo, ambaye alianza kufundisha shule akiwa na miaka 12. (Mnaolalamika kwamba mnapelekwa kufundisha mkiwa wadogo mno, mpo?) Silaha yake ilikuwa mizani. Chukua gramu 12 za kaboni, kwa vipimo vya leo. Zitaungana na gramu 16 za oksijeni upate gesi moja, ile ya sumu ya jiko la mkaa, au zitaungana na gramu 32 upate gesi nyingine, ile tunayoitoa tukipumua. Kati ya 16 na 32 hakuna gesi ya tatu ya gramu 20 wala 25. Ni kama mayai dukani: utanunua moja au mawili, hakuna muuzaji atakayekukatia yai moja na robo. Kama vitu vinaungana kwa hesabu ya moja, mbili, basi vinakwenda kwa chembe nzima nzima. Kitabu chake kikuu kilianza kutoka mwaka 1808. Jamaa hakuona atomi hata moja, alizipima.

Mambo mengine alikosea. Maji aliyahesabu kuwa haidrojeni moja na oksijeni moja, na kwa hiyo uzito wa oksijeni ukamtoka kombo. Avogadro alitoa njia ya kusahihisha mwaka 1811, lakini hakusikilizwa sana mpaka mkutano wa wanakemia kule Karlsruhe mwaka 1860, Mwitaliano mwenzake Cannizzaro alipolitetea wazo lile. Karibu miaka 50 hiyo!

Halafu "kisichokatika" kikakatika. Mwaka 1897, J. J. Thomson pale Cambridge alikuwa anachunguza miale ya kathodi, ile inayotokea umeme ukipita ndani ya bomba la kioo lililonyonywa hewa. Akaipinda kwa sumaku na kwa umeme, akapata kwamba ni chembe zenye chaji hasi, nyepesi mno. Leo tunajua uzito wa elektroni ni kama 1/1836 ya atomi ya haidrojeni. Kikubwa zaidi: alibadilisha gesi, akabadilisha metali, chembe ni zile zile. Maana yake zimo ndani ya kila atomi. Thomson akafikiria atomi kama tikiti maji: nyama yote ni chaji chanya, mbegu zilizotapakaa ndani ndizo elektroni.

Sasa njooni kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Mwaka 1909, Manchester. Ernest Rutherford, mtoto wa shamba kutoka New Zealand, tayari ana Nobeli. Msaidizi wake ni Mjerumani Hans Geiger. Na kuna mwanafunzi anaitwa Ernest Marsden, miaka 20, hana hata digrii ya kwanza. Mwanafunzi kama wewe na mimi. Akapewa kazi: rusha chembe za alfa kwenye bamba la metali, uangalie kama kuna zinazorudi nyuma. Kwa tikiti la Thomson hakuna aliyetegemea irudi hata moja.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mateso. Unakaa gizani mpaka macho yazoee, halafu unachungulia kwa hadubini kioo kilichopakwa zinki salfaidi. Kila chembe ikigonga, kinatokea kimwanga kidogo. Unahesabu kimoja kimoja. Hakuna kompyuta, hakuna kudesa kwa jirani.

Zilirudi. Kwenye bamba la platinamu, kama chembe 1 katika kila 8,000 iligeuza ikarudi ilikotoka. Hapo tikiti likapasuka, kwa sababu kwenye tikiti hakuna kitu kigumu cha kumrudisha mtu. Rutherford alikuja na maelezo kamili mwaka 1911: chaji chanya yote na karibu uzito wote wa atomi vimerundikwa kwenye kiini kidogo sana katikati. Udogo gani? Chukua atomi ya dhahabu uifanye iwe na upana sawa na urefu wa uwanja wa mpira. Kiini chake ni punje ya choroko pale katikati ya uwanja. Kwingine kote ni elektroni na utupu.

Tatizo likabaki. Kwa fizikia ya wakati ule, elektroni inayozunguka ilipaswa kupoteza nishati na kudondokea kwenye kiini mara moja. Mdenishi Niels Bohr, miaka 27, akasema mwaka 1913: elektroni zina ngazi maalum za nishati, na zikishuka ngazi zinatoa mwanga. Ushahidi? Mistari ya rangi ya haidrojeni, ukiwemo ule mwekundu wa nanomita 656, hesabu yake iliifikia. (Ile picha ya sayari zinazozunguka jua nayo haikudumu. Ilishindwa kwenye heli tu, na kuanzia 1926 Schrödinger alitupa hesabu nyingine. Waambieni watoto ukweli huo.)

Mwaka huo huo wa 1913 kijana mwingine wa Manchester, Henry Moseley, alipima miale ya eksi ya elementi moja baada ya nyingine, akaona inapanda ngazi kwa ngazi. Namba ya atomi ikawa kipimo halisi cha chaji ya kiini. Akaonyesha hata mapengo: 43, 61 na 75. Yote yalikuja kujazwa.

Kisha vita. Geiger na Marsden, waliohesabu vimwanga pamoja, wakajikuta majeshi yanayopigana. Moseley aliuawa Gallipoli, Uturuki, tarehe 10 Agosti 1915, ana miaka 27. James Chadwick alikamatwa Berlin alikokwenda kufanya kazi na Geiger, akafungiwa kambini miaka minne. Humo kambini aliendelea na majaribio, akitumia dawa ya meno ya Kijerumani iliyokuwa na thoria, kitu chenye mionzi! Ndiye aliyegundua nyutroni mwaka 1932. Kwa nyutroni tukaelewa kwa nini klorini ina atomi za 35 na za 37: protoni ni 17 zote, nyutroni ni 18 au 20. Ile 35.5 tuliyoikariri ni wastani tu.

Kwa hiyo walijuaje? Kwa mizani, kwa sumaku, kwa macho yaliyozoea giza, kwa rangi za mwanga. Kila mmoja alipata kitu cha kweli, na kila mmoja alirekebishwa na kipimo kilichofuata. Ningeomba tukienda kufundisha tuanze na vipimo, majina yaje baadaye. Na yule mtoto wa nyuma mwenye swali tusimkalishe. Marsden naye alikuwa mwanafunzi tu, aliyetumwa kutazama mahali ambapo hakuna aliyetegemea kuona kitu.

Wikiendi njema wadau.