Bendera Moja, Maneno Mengi

Ghuba ya Port Reitz, iliyo nyuma ya bandari ya Kilindini, iliitwa kwa jina la Luteni John James Reitz, afisa wa jeshi la wanamaji la Uingereza aliyefariki mwaka 1824. Meli itokayo ng'ambo ikielekea huko hutweka bendera ya manjano. Kitambaa hicho kimoja ni sawa na kusema: chombo changu hakina maradhi, naomba idhini ya kuingia. Bendera iliyo nusu nyeupe na nusu nyekundu maana yake ni kwamba rubani yumo chomboni. Kanuni za namna hii zilichapishwa Uingereza mwaka 1857, na bendera 18 tu zilitosha kwa ishara zaidi ya 70,000. Baharia alitweka ishara fupi; aliyeiona alifunua kitabu akaisoma kwa urefu wake.

Watunzi wa programu za kompyuta nao walifikia njia kama hiyo. Katika miaka ya 1950 maagizo ya mashine yaliandikwa moja moja, na mengi yalirudiwarudiwa hata yakachosha. Basi fungu la maagizo likapewa jina moja, likaitwa makro. Kabla ya kazi kuanza, jina lile huondolewa, na mahali pake hutiwa fungu zima. Mwaka 1960 Douglas McIlroy wa Marekani alieleza jinsi makro ziwezavyo kuipanua lugha yenyewe, na mwaka 1963 Timothy Hart akaziingiza katika lugha ya Lisp. Hapo mtunzi akaweza kujibunia namna za sentensi ambazo waasisi wa lugha hawakuziweka.

Lakini ufupisho una hatari yake. Katika karne ya 19 bendera ya manjano ilitangaza maradhi. Leo yatangaza afya. Mwenye kitabu cha kale angeikimbia meli salama. Makro nazo ni vivyo hivyo. Katika lugha ya C, iliyoanza mwaka 1972, tuseme makro ya mraba wa x imeandikwa x*x. Ukiipa 2+3 watarajia 25. Lakini makro hunakili maandishi tu, haipigi hesabu, nayo hutoa 2+3*2+3, yaani 11. Mabano yamesahauliwa, na asomaye jina fupi haoni kosa lilipo.

Maneno yaliyofupishwa hayakupotea. Yamo kitabuni yakingoja kusomwa. Kwa hiyo abuniye ishara mpya ana deni kwa wenziwe: awape maana yake kwa ukamilifu, na asiibadili bila ya kuwaarifu.