Feni ya kutolea hewa bafuni

Feni ya kutolea hewa bafuni ni kifaa cha umeme kinachofyonza hewa yenye mvuke na harufu kutoka bafuni au chooni na kuitupa nje ya nyumba. Haifanyi kazi ya pangaboi, ambalo huzungusha hewa ileile ndani ya chumba. Huhitajika zaidi katika bafu lisilo na dirisha, au lenye kidirisha kinachofungukia korido au upenyo mwembamba kati ya majengo, kama yalivyo mabafu mengi ya maghorofa ya mijini. Wanunuzi wengi hutazama bei na ukubwa wa tundu, ilhali mambo yanayoamua kama feni itafaa ni matatu: ujazo wa bafu, urefu wa bomba la kutolea hewa na mahali hewa mpya inapoingilia.

Kazi yake

Mvuke wa maji ya moto ukigusa kioo, vigae au dari iliyo baridi hugeuka matone. Sehemu isiyokauka huota kuvu, ambayo huanza kama vidoa vyeusi kwenye maungio ya vigae na pembe za dari. Baadaye rangi hubabuka, bodi za jipsamu hulegea na mbao huoza. Kuvu huweza pia kuchochea pumu na mzio, hasa kwa watoto.

Katika miji ya nyanda za juu kama Njombe, Lushoto na Limuru, kuta huwa baridi na matone hujitokeza upesi. Pwani hali ni nyingine: hewa ya nje yenyewe imejaa unyevu. Huko feni huondoa mvuke wa kuoga na harufu, lakini haiwezi kulifanya bafu liwe kavu kuliko hewa inayoingia.

Kukokotoa uwezo

Uwezo wa feni hutajwa kwa mita za ujazo kwa saa, lita kwa sekunde au futi za ujazo kwa dakika. Kanuni inayotumika sana ni kutafuta ujazo wa bafu, kisha kuuzidisha kwa idadi ya mara ambazo hewa inapaswa kubadilishwa kwa saa, kwa kawaida 8 hadi 10. Bafu lenye urefu wa mita 2, upana wa mita 1.5 na kimo cha mita 2.7 lina mita za ujazo 8.1; likibadilishiwa hewa mara 10 kwa saa, linahitaji feni ya mita za ujazo 81 kwa saa.

Kanuni za ujenzi za Uingereza hutaka angalau lita 15 kwa sekunde, yaani mita za ujazo 54 kwa saa, kwa feni ya bafuni isiyowaka muda wote. Kiwango cha Marekani cha ASHRAE 62.2 hutaka futi za ujazo 50 kwa dakika, sawa na takriban mita za ujazo 85 kwa saa. Takwimu iliyoandikwa kwenye boksi mara nyingi hupimwa feni ikiwa haijaunganishwa na bomba. Kwa hiyo ni busara kuchagua yenye uwezo wa ziada.

Aina

Feni ya mapanga husukuma hewa moja kwa moja kupita katikati yake. Ni nafuu, na inafaa pale inapofungwa kwenye ukuta wa nje au kwenye dirisha. Ikiunganishwa na bomba refu, nguvu yake hupungua sana.

Feni ya gurudumu huwa na vibapa vingi vinavyozunguka ndani ya kasha na kuisukuma hewa kwa msukumo mkubwa zaidi. Hii ndiyo ya kuchagua bomba linapopita darini au kukata kona. Feni ya ndani ya bomba hufungwa mbali na bafu, hivyo kelele yake haisikiki sana.

Njia ya hewa

Bomba liwe fupi, lililonyooka na lenye mteremko kidogo kuelekea nje ili matone yasirudi kwenye mota. Hewa isitupwe kamwe ndani ya dari: mvuke utalowesha mbao za paa mahali ambapo hakuna anayeuona. Tundu la nje liwe na vibao vinavyojifunga feni inapozimwa, pamoja na wavu wa kuzuia wadudu na ndege.

Hewa haitoki kama hakuna nyingine inayoingia. Mwanya wa milimita 10 chini ya mlango wenye upana wa milimita 760 hutosha kwa bafu la kawaida. Mlango ukiwa umebana hadi sakafuni, hata feni kubwa itavuma bure.

Umeme na usalama

Kwenye eneo la shawa au beseni la kuogea, na hadi sentimita 60 kando yake, feni iliyo chini ya mita 2.25 kutoka sakafuni iwe na alama ya IPX4 au zaidi, inayoonyesha kuwa inahimili maji ya kurukia. Feni iliyotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia volti 120, hivyo haifai kuunganishwa moja kwa moja na umeme wa volti 230 au 240 wa Afrika Mashariki. Ufungaji ufanywe na fundi umeme mwenye leseni.

Feni si kinga dhidi ya heita ya gesi au jiko la mkaa linalowaka bafuni. Inaweza hata kuvuta moshi wa heita urudi ndani, pamoja na kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua.

Matumizi na matunzo

Feni iachwe iendelee kufanya kazi kwa takriban dakika 15 baada ya kuoga. Zipo zenye saa ya kujizima au kihisi cha unyevu. Feni ya wati 20 ikiwaka saa 2 kila siku hutumia takriban uniti 1.2 za umeme kwa mwezi.

Ili kuijaribu, mlango hufungwa na kipande cha karatasi ya chooni huwekwa kwenye kifuniko feni ikiwa inazunguka. Ikiishika karatasi, inavuta. Karatasi ikianguka, umeme huzimwa na mapanga na kifuniko husafishwa vumbi, kisha bomba na mwanya wa mlango hukaguliwa kabla ya kununua feni nyingine.