Maandishi ya siri hufumbuliwaje bila ufunguo?

Mnamo mwaka 1942, katika shule ya Allidina Visram mjini Mombasa, wachambuzi wa Jeshi la Majini la Uingereza walikuwa wakisoma habari ambazo hawakuandikiwa wao. Walihamia hapo kutoka Colombo, baada ya ndege za Japani kuushambulia mji huo mwezi Aprili. Kazi yao ilikuwa kuzifumbua simu za redio za meli za Japani bila ya kuwa na ufunguo wake.

Msingi wa kazi hiyo ni wa kale. Katika karne ya 9, mwanachuoni al-Kindi wa Baghdad alieleza kwamba kila lugha ina herufi zinazojirudia kuliko nyingine. Kubadili herufi huficha sura yake, lakini hakufichi idadi yake.

Mkazi wa Bugendana, Gitega, aweza kulijaribu jambo hilo kwa kalamu na karatasi. Tuseme amepewa neno CBSBCBSB. Humo herufi B imetokea mara 4 kati ya 8. Katika Kiswahili, herufi inayotumika zaidi ni A. Basi huenda B imewekwa badala ya A, yaani kila herufi imesogezwa mbele hatua moja. Akizirudisha zote nyuma, neno hujitokeza: BARABARA.

Fumbo la Mombasa lilikuwa gumu zaidi. Katika mfumo ulioitwa JN-40, wa meli za biashara za Japani, maandishi yaligeuzwa kwanza kuwa tarakimu mbili mbili, kisha mpangilio wa tarakimu hizo ukavurugwa. Kuhesabu peke yake hakukutosha. Mwezi Septemba 1942, kosa la Wajapani wenyewe liliwapa John MacInnes na Brian Townend mwanya. Kufikia Novemba waliweza kusoma kila ujumbe wa mfumo huo. Safari za meli, zikiwemo zilizochukua askari, zikafuatiliwa, na hivyo zikaweza kushambuliwa.

Siri za simu za leo hufungwa kwa hesabu nzito, na mbinu ya al-Kindi haifui dafu mbele yake. Ndiyo maana mwizi humwendea mwenye simu: hubahatisha mwaka wake wa kuzaliwa kuwa ndiyo namba ya siri, au humpigia akijifanya wakala na kumwomba namba hiyo. Kufuli likiwa imara, hutafutwa aliyeusahau ufunguo mlangoni.