Siku Thelathini za Kisarawe na Kibaha

Kisarawe iko juu. Ukitoka Gongo la Mboto ukaipita Pugu, barabara inapanda vilima vya misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, hewa inapoa, na mji unakupokea ghafla. Wamisionari Walutheri kutoka Berlin walifungua kituo hapa katika miaka ya 1890. Wakati wa Waingereza wilaya ya Uzaramo iliendeshwa kutokea hapahapa. Kutoka Kisarawe njia ya zamani inateremka kuelekea relini, Soga na Ruvu, kisha inaikuta barabara ya Morogoro na kurudi Kibaha, makao makuu ya mkoa wa Pwani.

Nimeifuata njia hiyo nikiwa na swali moja. Gonjwa kubwa linapoingia nchini, siku za mfanyakazi huhesabiwaje, na nani huzihesabu? Swali hili lilinikaa tangu mwaka 2020, nilipowaona watu wanapoteza madai yao kwa sababu walichelewa, na ndani ya huko kuchelewa kulikuwa na homa, hofu na msiba.

Watu wa Uzaramo walianza kuhesabiwa siku zamani. Mwaka 1902 serikali ya Kijerumani iliamuru mashamba ya pamba ya pamoja katika vijiji vya nyuma ya Dar es Salaam, na kila mtu akadaiwa siku 28 za kazi kwa mwaka. Walipolipwa, walilipwa vijisenti, na wapo waliokataa hata kuvipokea. Vita vya Majimaji vilipowaka mwaka 1905, moto ulifika mpaka Uzaramo. Jumbe Kibasila alikuwa mmoja wa walionyongwa. Leo jina lake limebaki kwenye shule ya sekondari jijini Dar es Salaam, na wanafunzi wanaovaa nembo yake wanastahili kuambiwa kwamba ugomvi ulihusu pia kazi ya siku nyingi isiyo na ujira wa maana.

Mwaka huohuo wa 1905 reli ya kati ilianza kujengwa kutoka bandarini. Ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Ndiyo inayopita Pugu, Soga na Ruvu. Septemba 1916 Waingereza waliiteka Dar es Salaam, na Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma walivunja madaraja ya reli, la Ruvu likiwa mojawapo. Basi mizigo ikahamia vichwani mwa watu. Wapagazi wa jeshi la Uingereza walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, vichomi na njaa.

Kisha, mwishoni mwa 1918, ikaja homa ya mafua iliyokuwa ikiizunguka dunia. Jenerali wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, alisalimisha silaha Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, na homa ikawa imekwisha kuwatangulia askari na wapagazi waliokuwa wakirudi makwao. Ilisafiri kwa meli, kwa treni na kwa miguu. Makadirio yanayotajwa zaidi kwa Tanganyika ni vifo kati ya 50,000 na 80,000.

Mpagazi aliyekufa kwa homa hiyo alikuwa na mshahara wake kwenye daftari la jeshi. Alikuwa anadai. Warithi wake walikuwa kijijini, hawana karatasi, hawajui namba aliyopewa wala kambi alikofia, na majina yenyewe yaliandikwa na makarani waliosikia lugha ambazo hawakuzijua. Baada ya vita Oscar Watkins, aliyekuwa ameiongoza ofisi ya kijeshi ya vibarua, na maofisa wenzake wa Nairobi waliiandikia London kuhusu mishahara ya marehemu ambayo haikuwa na wa kuipokea. Barua zilikwenda na kurudi kwa miaka. Hazina ya Uingereza haikuzitoa fedha hizo. Mwajiri alijua kiasi anachodaiwa, akakaa kimya, na muda ukamfanyia kazi. Sioni namna ya kuisoma habari hii bila uchungu.

Utawala mpya ulileta pia sheria mpya ya kuhesabu muda. Mwaka 1920 Tanganyika ilianza kutumia sheria kadhaa za India, ikiwemo ile ya ukomo wa madai ya mwaka 1908. Mtu wa Maneromango, huku Kisarawe, akawa na tarehe ya mwisho ya kudai haki yake iliyotungwa kwa ajili ya wafanyabiashara wa Bombay na Calcutta. Niliweke hilo pembeni kidogo, nitalirudia Kibaha.

Huku bondeni, kwenye mashamba ya mkonge ya Soga, hesabu ilikuwa ya kipande. Sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923 ndiyo iliyosimamia. Kipande kilikuwa kadi yenye nafasi 30. Ukimaliza kazi uliyopangiwa, mnyapara anatia alama moja. Usipoimaliza, hutiwi, hata kama ulikata mkonge tangu alfajiri mpaka saa sita. Mshahara ulitoka alama ya 30 ilipotimia, kwa hiyo mwezi wa kipande ulikuwa mrefu kuliko mwezi wa angani. Siku ya homa haikuwa na nafasi kwenye kadi. Mgonjwa hakuandikwa kuwa mgonjwa. Nafasi yake ilibaki tupu tu, sawa na ya mtoro, na mtoro alikuwa anaweza kufungwa. Kwa kadi hiyo mwajiri hakuhitaji kuthibitisha chochote. Mzigo wote wa kueleza siku ile mtu alikuwa wapi ulikuwa wa mfanyakazi.

Sheria ya ajira ya mwaka 1955 iliiondoa ile ya 1923, na mwaka 1964 nchi huru ikatunga sheria ya kuilinda ajira. Mwaka 1977 kipindupindu kikazuka Rufiji, jirani na Kisarawe, kikaenea mikoa mingi. Watu walizuiwa njiani, masoko yakafungwa, wafu wakazikwa haraka. Sheria yetu ya ukomo wa muda wakati huo ilikuwa na miaka sita, kwa maana Bunge liliachana na ile ya India mwaka 1971. Ile ya kwetu inafanana sana na mama yake.

Kibaha ya leo ni mji wa viwanda, malori na ofisi za mkoa. Hospitali ya Tumbi na shule za Shirika la Elimu zilianza kama mradi wa nchi za Nordiki katika miaka ya 1960. Hapa ndipo ilipo pia ofisi ya mkoa ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako mfanyakazi wa Kisarawe aliyefukuzwa hana budi kufika.

Machi 16, 2020, Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, huko Arusha. Siku iliyofuata shule zikafungwa. Mahakama hazikufungwa. Jaji Mkuu Ibrahim Juma na wenzake walitegemea zaidi video na mtandao, na baadhi ya mahabusu walisikilizwa wakiwa gerezani. Kwa hili naisifu Mahakama. Nairobi, Jaji Mkuu David Maraga alikwisha kupunguza shughuli tangu Machi 15, na Kampala nako usikilizaji ukasitishwa. Hapa kwetu mtu mwenye kesi iliyokwisha kufunguliwa alikuwa na nafuu.

Mwenye shida alikuwa yule ambaye bado hajafungua. Chukulia kijana wa Kisarawe anayefanya kazi ya mwezi kwenye kiwanda kimoja cha Kibaha. Aprili 1, 2020, afisa utumishi anamwambia: nenda nyumbani, mambo yakikaa sawa tutakupigia. Hana barua. Hajaambiwa kwamba ameachishwa, wala kwamba yuko likizo, na kama ni likizo hajui ni ya malipo au la. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikumpa mwajiri njia hiyo. Kama uzalishaji umeshuka, kifungu cha 38 kinamtaka atoe taarifa ya kusudio la kupunguza watu, aeleze sababu na akae na wafanyakazi au chama chao wajadiliane. Kisha kuna notisi, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi haipungui siku 28, na kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, mpaka miaka kumi. Gonjwa halifuti hata moja kati ya haya. Hata Sheria ya Mikataba, ambayo kifungu chake cha 56 kinautengua mkataba usiowezekana tena kutekelezwa, haimwokoi mwajiri ambaye kazi yake imepungua tu faida.

Kijana anasubiri simu. Kanuni za Tume za mwaka 2007 zinampa siku 30 za kulalamikia kuachishwa, kuanzia siku alipoachishwa au mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho. Ukianza kuhesabu siku inayofuata Aprili 1, ya thelathini inaangukia Ijumaa ya Mei Mosi. Sheria ina huruma kwa sikukuu: siku ya mwisho ikiwa ya mapumziko, unapeleka madai ofisi inapofunguliwa. Sheria inaijua sikukuu na inaijua Jumapili. Gonjwa hailijui.

Julai anasikia kwamba nafasi yake ina mtu mwingine. Anapanda daladala hadi Gongo la Mboto, anabadilisha mpaka barabara ya Morogoro, anafika Kibaha. Anajaza Fomu Namba 1 ya Tume. Kuna mahali pa kuandika tarehe mgogoro ulipoanza. Aandike ipi? Akiandika ya Julai, mwajiri atakuja na kusema huyu tulimwachisha Aprili. Tarehe moja kwenye fomu inaamua kama atasikilizwa. Akionekana amechelewa, atajaza Fomu Namba 2 na kuapa hati ya kiapo kuomba asamehewe, akieleza amechelewa kiasi gani, kwa nini, na kama madai yake yana mashiko.

Mahakama ya Rufani imekwisha kuweka msimamo, katika kesi ya Bushiri Hassan na ile ya Lyamuya Construction, kwamba anayeomba kuongezewa muda aeleze kila siku aliyochelewa, hata ikiwa moja. Kwa nyakati za kawaida ni msimamo wa haki, kwa sababu mwajiri naye anahitaji kujua madai yanaisha lini. Lakini takwimu za korona zilikoma kutolewa mwaka 2020, zikiwa wagonjwa 509 na vifo 21. Watu walijifukiza nyungu majumbani na kuogopa hospitali. Mwanzoni mwa 2021 matangazo ya vifo yalisema changamoto ya upumuaji. Mtu wa namna hii ataambatanisha nini kwenye kiapo chake? Cheti cha daktari hana. Bila cheti hicho hata likizo yake ya ugonjwa, siku 126 katika kila miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara, inamponyoka. Nafasi kwenye kadi imebaki tupu tena.

Sasa tuirudie India. Machi 23, 2020, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, bila kuombwa na yeyote, ilisimamisha ukomo wa muda kwa kila mtu, kuanzia Machi 15. Amri hiyo iliongezwa mara kadhaa, na mwisho siku zote mpaka Februari 28, 2022 ziliondolewa kwenye hesabu. Hakuna aliyetakiwa kuapa kwamba aliugua. Nchi tuliyoazima kwake kalenda ya madai iliisimamisha kalenda hiyo kwa sentensi chache.

Wanaosema kwetu haikuwa lazima, kwa sababu hatukufungiwa ndani, wana hoja. Lakini mlango wa mahakama kuwa wazi haumfikishi mgonjwa mlangoni. Na tulikuwa na pa kuanzia. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ukomo wa Muda kinampa waziri wa sheria, akishauriana na Mwanasheria Mkuu, uwezo wa kuongeza muda wa kufungua shauri kwa kiasi kisichozidi nusu. Waziri wakati huo alikuwa Balozi Augustine Mahiga, aliyefariki Dodoma siku ileile ya Mei Mosi. Kifungu chenyewe kimeandikwa kwa ajili ya mashauri yaliyopangiwa muda na sheria hiyo, si kwa siku 30 za Tume.

Baada ya hapo mambo mengi yamesogea. Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya mahakama kwa sheria, na kanuni za kusikiliza mashauri kwa mtandao zikatoka mwaka huohuo. Mwaka 2025 sheria za kazi zilirekebishwa, na mama aliyejifungua mtoto njiti akakumbukwa. Nataka marekebisho yajayo yaguse mambo mawili. La kwanza, waziri wa kazi apewe uwezo kama ule wa kifungu cha 44 juu ya muda wa Tume, autumie kwa tangazo moja kwa mkoa au nchi nzima gonjwa linapotangazwa. La pili ni jepesi zaidi na halihitaji kusubiri gonjwa: mwajiri aliyemtuma mtu nyumbani kwa mdomo, bila barua yenye tarehe, asiruhusiwe kusimama mbele ya msuluhishi na kudai kwamba siku 30 zimepita.