Taasisi ya Sayansi za Bahari: Mwani Ulivyokutanisha Taaluma Mbalimbali

TAASISI ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, inayofahamika kwa kifupi IMS, ilianzishwa Zanzibar mwaka 1978, muda mfupi baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo shirika lake la utafiti wa uvuvi wa baharini lilikuwa na makao Unguja. Kwa miaka mingi ofisi zake zilikuwa Mizingani, Mji Mkongwe, kabla ya taasisi kujengewa kampasi ya Buyu. Hufundisha shahada za uzamili na uzamivu, na wanafunzi wake husoma viumbe wa baharini, kemia na mwendo wa maji, pamoja na uchumi na maisha ya jamii za pwani.

Umuhimu wa kuunganisha masomo hayo unaonekana wazi zaidi katika mwani. Kilimo chake cha biashara kilianza mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani, na wengi wa wakulima ni wanawake. Mbegu hufungwa kwenye kamba zilizoshikiliwa na vigingi ufukweni, mahali panapofikika kwa miguu wakati wa bamvua maji yanapokupwa. Aina mbili hulimwa: spinosamu na kotonii. Kotonii ndiyo yenye bei nzuri zaidi, na ndiyo iliyoanza kufa katika miaka ya mwanzo ya 2000.

Mtaalamu wa mimea alibaini matawi yanayopauka na kukatika, na mwani mwingine mdogo ulioota juu yake. Vipimo vya maji vilieleza sehemu ya sababu: msimu wa kaskazi, maji ya kina kifupi huchemka kwa jua na joto hupita nyuzi 30 za Selsiasi, kiwango ambacho kotonii hukivumilia kwa shida. Watafiti wa taasisi, akiwamo Dkt. Flower Msuya, wakajaribu kuupeleka mwani kwenye kina kirefu, ukiwa ndani ya nyavu zilizoshonwa mfano wa mrija ili mawimbi yasiung'oe.

Huko maji ni ya baridi zaidi na mwani hustawi vyema. Hata hivyo, shamba la kina kirefu haliendewi kwa miguu. Linahitaji chombo, na linahitaji mkulima anayejua kuogelea, ilhali wanawake wengi wa vijiji hivyo hawakufunzwa kuogelea na vyombo kwa kawaida humilikiwa na wanaume. Swali lililoanza na kipimajoto likawa la mtaji, umiliki na mgawanyo wa kazi nyumbani, mambo ambayo mwanabaiolojia peke yake hawezi kuyajibu. Ndiyo maana mafunzo ya kuogelea na ya kuendesha vyombo yameingia katika miradi ya mwani, sambamba na ya kusaga mwani na kutengeneza sabuni, ili mkulima asibaki akitegemea bei ya mwani mkavu pekee.