Shahada ya Uzamili na Darasa la Kwanza: Ujuzi wa Kufundisha Kusoma Ulipotelea Wapi?

Wanafunzi wengi wa shahada ya uzamili katika elimu ninaokutana nao ni watumishi wa umma: walimu walio kazini, maofisa elimu wa kata, wakuu wa shule na wasaidizi wao. Mada za tasnifu zao naweza kuzitaja kabla sijafungua ukurasa wa kwanza. Kuna mtindo wa uongozi wa mkuu wa shule na ufaulu wa wanafunzi, kuna motisha ya walimu, kuna nafasi ya kamati ya shule katika usimamizi wa fedha. Ni mada halali, na baadhi yake zimeandikwa vizuri. Lakini ni nadra kumpata anayeuliza swali ambalo kwa sura ni jepesi: mtoto wa darasa la kwanza hujifunzaje kusoma, na mwalimu wake hufanya nini mtoto huyo anaposhindwa?

Unadra huu una historia. Ipo miaka ambayo kufundisha kusoma lilikuwa jambo kubwa la taifa hili, lililozungumzwa na Rais, likasimamiwa na chama na kufanyiwa utafiti na wasomi waliofahamika duniani. Baadaye ujuzi huo ulishuka ngazi moja baada ya nyingine hadi ukawa kazi ya mwalimu mwenye cheo cha chini kuliko wote. Wakati huohuo ngazi ya shahada ilikuwa inarefuka kuelekea upande mwingine, upande wa ofisi.

Tuanzie Disemba 31, 1969. Katika hotuba yake ya kuukaribisha mwaka mpya, Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Takriban theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania Bara wakati huo hawakujua kusoma na kuandika. Hesabu inayotajwa kwa mwaka 1967 ni asilimia 67. Mwaka uliofuata zilichaguliwa wilaya sita ambamo ujinga wa kutojua kusoma ulipaswa kufutwa kwanza: Mafia, Ukerewe, Kilimanjaro, Pare, Masasi na Tanga. Kisha TANU, katika mkutano wake wa Septemba 1971, ikaamua kuwa nchi nzima ifikie lengo hilo ifikapo mwaka 1975.

Watu wengi wa rika langu walisimuliwa kampeni hiyo kama habari ya mwamko wa siasa: nyimbo, mikutano ya hadhara, wazee wakikaa chini ya mwembe na vibao vya kuandikia. Mwamko ulikuwepo. Kinachosahaulika ni kwamba nyuma yake palikuwa na ujuzi uliotafutwa kwa subira. Tangu mwaka 1968, katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, makao yake yakiwa Mwanza, UNESCO na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa walikuwa wakiendesha pamoja na Serikali mradi wa majaribio wa kile kilichokuja kuitwa kisomo chenye manufaa. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu mzima hatatembea maili mbili baada ya kutoka shambani ili aimbe silabi zisizomhusu. Asome kuhusu pamba yake, migomba yake, uvuvi, ng'ombe, afya ya watoto wake. Vitabu vya kwanza vikatungwa kwa kufuata kazi za watu. Mwandishi wa kitabu cha pamba alilazimika kumsikiliza bwana shamba, kisha mkulima, kisha mwalimu aliyejaribu somo hilo na kurudi na malalamiko kuwa sentensi ya tatu ni ndefu mno. Ulikuwa utafiti wa kuchosha usio na fahari yoyote, na ndio ambao leo tunaukosa.

Ndipo likaja swali walilolijua walimu wote wa kisomo: aliyejua kusoma leo, kesho atasoma nini? Kijijini hapakuwa na gazeti, na kitabu kilikuwa kitu cha nadra. Mwanza wakaanzisha gazeti la vijijini lililoitwa Elimu Haina Mwisho. Redio nayo ikatumiwa kwa namna ambayo haijapata kurudiwa kwa kiwango kile. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, takriban watu milioni 2 walijikusanya katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu pamoja, wakakubaliana kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai.

Chuo kikuu kilikuwa wapi? Kilikuwa ndani kabisa. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilianza mwaka 1960 kama tawi la masomo ya nje la Chuo Kikuu cha Makerere, na kuanzia mwaka 1963 ilikuwa sehemu ya chuo kikuu cha Dar es Salaam. Paulo Freire, Mbrazili aliyeitikisa dunia kwa fikra zake juu ya elimu ya wanyonge, alifika Dar es Salaam mwaka 1971. Budd Hall, aliyeongoza utafiti katika Taasisi hiyo, ni miongoni mwa waliobuni hapa nchini mkabala unaojulikana leo kama utafiti shirikishi, ambao wanafunzi wetu huusoma katika vitabu vya Ulaya na Amerika bila kujua kwamba mizizi yake mmoja uko Dar es Salaam. Yusuf Kassam alikwenda kuwasikiliza waliojifunza kusoma ukubwani, akachapisha maneno yao katika kitabu mwaka 1979. Msomi wa elimu wa miaka ile hakuona kwamba kuuliza mama wa Ukerewe anasomaje ni kujishushia hadhi.

Sasa tuutazame mwaka 1975, kwa kuwa ndani ya mwaka huo mmoja yalitukia mambo mawili. La kwanza ni mtihani wa kitaifa wa kisomo, uliofanyika Agosti. Zaidi ya watu milioni 5 walikuwa wameandikishwa katika madarasa. Ngazi zilikuwa nne, na aliyefikia ya tatu au ya nne ndiye aliyehesabiwa kuwa anajua kusoma na kuandika. Kiwango cha wasiojua kikatangazwa kuwa kimeshuka hadi asilimia 39. Mitihani ikaendelea mwaka 1977, 1981, 1983 na 1986, na kila mara takwimu ikashuka: 27, 21, 15, na hatimaye asilimia 9.6. Jambo la pili halikupigiwa ngoma. Kwa sheria ya mwaka huohuo wa 1975, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliondolewa chuo kikuu na kuwa shirika la umma linalojitegemea.

Sisemi uamuzi huo ulikuwa mbaya kwa nia. Kazi ilikuwa kubwa, nayo ilihitaji chombo chepesi cha utendaji. Lakini matokeo yake, kwa maoni yangu, yalikuwa kuutenga mkono na jicho. Taasisi ikabaki na utendaji, nacho chuo kikuu kikabaki na nadharia. Mazoea ya msomi kwenda kulitazama somo la kusoma likifundishwa, kulirekebisha na kulitazama tena, hayakupata makao ya kudumu upande wowote.

Na waliobeba mzigo wenyewe ni akina nani? Walimu wa kujitolea wa kisomo, wengi wao wahitimu wa shule za msingi, walipewa posho ya shilingi 30 kwa mwezi, na mara nyingi ilichelewa. Upande wa watoto, Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilikuwa limeleta tarehe karibu: Elimu ya Msingi kwa Wote, iliyotarajiwa mwaka 1989, sasa ifikiwe mwaka 1977. Wanafunzi wa shule za msingi wakaongezeka kutoka takriban milioni 1.2 mwaka 1974 hadi zaidi ya milioni 3 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vyuo vya ualimu visingeweza kutoa walimu kwa kasi hiyo. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa kazini kwa masomo ya posta na redio, huku wakisimama mbele ya watoto. Maelfu kwa maelfu walipatikana kwa njia hiyo, na wengi walipewa madarasa ya chini.

Hapa pana jambo ambalo wasomi wetu hulipita haraka. Watu hupenda kuwacheka walimu wale wa UPE, kama walivyokuja kuwacheka, miongo mitatu baadaye, walimu wa mafunzo ya muda mfupi waliobatizwa jina la vodafasta. Mimi sicheki. Kijana wa miaka kumi na saba alikabidhiwa kazi ngumu kuliko zote katika shule, kumfungulia mtoto mlango wa maandishi. Palipo na lugha nyingine nyumbani, kama Usukumani au kwa Wakuria, alipaswa kufanya hivyo katika lugha ambayo mtoto hakuja nayo kutoka kwa mama yake. Kosa la mpango halikuwa kumwajiri kijana huyo. Kosa lilikuwa kukubali, kama utaratibu wa kawaida, kwamba darasa la kwanza ni mahali pa mwalimu asiye na elimu zaidi, na kwamba akishaelimika ataondoka.

Utaratibu huo ukatiwa muhuri na ngazi ya mishahara. Mwalimu mwenye cheti huanzia TGTS B, mwenye stashahada TGTS C, mwenye shahada TGTS D. Kwa miaka mingi, mwalimu wa shule ya msingi aliyejiendeleza hadi shahada alihamishiwa sekondari au akapewa ofisi. Kusoma kukawa njia ya kutoka. Nani amlaumu? Ana watoto wa kusomesha na nyumba isiyoezekwa.

Vyuo vikafuata mkondo uleule. Bagamoyo kulikuwa na chuo cha MANTEP cha kuwafunda viongozi wa elimu, ambacho mwaka 2001 kikawa Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ADEM. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikapata Kitivo cha Elimu mwaka 1989. Sekondari za kata zilipofumuka, mwaka 2005 vikaanzishwa vyuo vikuu vishiriki vya Chang'ombe na Mkwawa, kazi yao kubwa ikiwa kuandaa walimu wa sekondari. Taasisi zote hizi zilijibu mahitaji ya kweli. Shule isiyo na kiongozi anayejua kusimamia fedha na watu huanguka. Ila hakuna iliyopewa jukumu la kuurithi ujuzi wa Mwanza. Hata programu za elimu ya awali zilizoanzishwa baadaye katika baadhi ya vyuo bado ni chache, na wahitimu wake huvutwa haraka na mashirika na wizara.

Unasihi ulipata bahati mbaya zaidi: shuleni ukawa jukumu la nyongeza la mwalimu yeyote mwenye sura ya upole. Nautaja kwa sababu moja tu. Mtoro wa darasa la tano anayepelekwa kwa mwalimu mnasihi, mara nyingi ni mtoto aliyechoka kukaa mbele ya ubao asioweza kuusoma.

Hesabu ya yote haya ilikuja kudaiwa. Uchumi ulikwisha kuyumba tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, vita vya Kagera vikaongeza mzigo, na mwaka 1986, mwaka uleule wa ile asilimia 9.6, nchi ikatia saini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Posho za walimu wa kisomo zikafifia na madarasa yakafungwa bila tangazo. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta takriban asilimia 78 ya wenye umri wa miaka 15 na zaidi ndio wanaojua kusoma na kuandika. Vipimo ni tofauti, na takwimu ya 1986 ilikuwa na chumvi yake ya kisiasa, lakini hakuna namna ya kuzisoma namba hizo mbili ukaita maendeleo. Mwanzoni mwa muongo huo tathmini za Uwezo zilionyesha kuwa takriban watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Serikali ilijibu: mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukaelekezwa kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na walimu wakapewa semina kwa fedha za wafadhili. Miaka michache baadaye, walimu wa sanaa waliozidi sekondari wakashushwa kwenda shule za msingi. Walikuwa na shahada, lakini hakuna aliyekuwa amewahi kuwafundisha namna ya kumfundisha mtoto herufi.

Sasa sera inataka walimu wasome zaidi, na mtaala mpya ulioanza Januari 2024 unaelekea kwenye elimu ya msingi ya miaka sita badala ya saba. Mtoto atakuwa na mwaka mmoja pungufu wa kujikomboa akichelewa kusoma. Iwapo shahada zitaongezwa bila kugusa muundo wa utumishi, tutamwondoa darasa la kwanza mwalimu bora kwa kasi kubwa zaidi. Ninachopendekeza kwa wizara ni cheo cha mwalimu bingwa wa madarasa ya chini, anayepanda hadi TGTS ya juu bila kuliacha darasa lake. Kwa vyuo vyetu, mwanafunzi wa uzamili akae muhula mzima katika darasa la kwanza, aandike alichokiona. Na kwa mwanafunzi anayetafuta mada wiki hii, vitabu vya kisomo na ripoti za miradi ya miaka ya 1970 vitafutwe katika maktaba kabla mchwa hawajamaliza kazi yao. Aanze na kile cha pamba.